Ufa wa Kyavirere

Ukuta wa kwanza ambao Jemima Syauswa aliuchora kwa mkono wake mwenyewe ulianguka mjini Beni miezi saba baada ya kujengwa. Ulikuwa ukuta wa mawe wa mita ishirini na mbili, uliowekwa kushika udongo nyuma ya kituo kidogo cha afya. Haukuua mtu. Ulianguka Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, ukalalia kamba za kuanikia mashuka na pipa la maji.

Jemima alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa amemaliza génie civil, uhandisi wa ujenzi, nyumbani kwao Butembo, akapata kazi katika kampuni ndogo iliyochimba mifereji na kujenga madaraja madogo huko Beni. Bosi alikuja Jumatatu, akauzunguka ukuta mara moja, akapangusa viatu vyake.

« Ni mvua ya Mungu ile, » akasema. « Utachora ingine. »

Wengine wangeshukuru kwa maneno hayo. Jemima alichukua karatasi zake za hesabu, akakaa juu ya jiwe moja la ukuta ulioanguka, akazisoma mstari kwa mstari. Uzito wa udongo alikuwa ameuhesabu vizuri. Maji hakuyahesabu. Udongo uliokunywa mvua ya wiki mbili si udongo ule wa kiangazi. Unasukuma kwa nguvu nyingine, na katika ukuta wote hakuwa ameacha hata tundu moja la kuyatoa maji hayo. Sura hiyo ilikuwa katika kitabu chake cha chuo. Aliisoma kwa ajili ya mtihani, akafaulu, akaisahau.

Alimwambia bosi. Bosi akamwomba asiandike jambo hilo popote. Ukuta wa pili ulijengwa na matundu kumi na manane, na mpaka leo umesimama. Lakini kila mvua ilipoanza kupiga mabati, Jemima alikuwa akizipitia kichwani kuta nyingine alizochora, moja baada ya nyingine.

Ndipo alipoanza kutafuta shule. Kwenye simu aliona chuo kikuu kimoja cha Ujerumani kinachofundisha, kwa miaka miwili, uhandisi wa majanga ya asili: matetemeko, mafuriko, tufani, milima inayoporomoka. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na bourse, ufadhili wa masomo, zilikuwepo kwa watu wa nchi kama yetu. Aliomba mara ya kwanza, hawakujibu. Mara ya pili walimjibu kwamba Kiingereza chake hakitoshi. Alijifunza mwaka mzima, akisikiliza masomo kwenye simu akiwa njiani kwenda kazini, akirudia maneno kwa sauti mpaka motari aliyembeba kwa pikipiki akawa anamsahihisha kwa kucheka. Mara ya tatu walimwita kwa mahojiano ya video. Umeme ulikatika dakika ya ishirini, lakini alikuwa ameshawaeleza habari ya ukuta.

« Nadhani ni ukuta ule uliopata bourse, » husema siku hizi, « siyo mimi. »

Baba yake, mzee Syauswa, alikuwa dereva wa Fuso aliyeleta maharage kutoka Kirumba miaka mingi, mpaka vita vikaifunga barabara. Siku alipopewa habari aliuliza:

« Unaenda Ulaya kujifunza mvua? Mvua ya hapa haikutoshe? »

« Baba, iko inatosha. Njo maana naenda. »

Darasani walikuwa kumi na tisa. Siku ya kwanza profesa alimtaka kila mmoja ataje nchi yake na janga la kwao. Kijana wa Chile alitaja tetemeko, akalitaja kwa namba yake, kama mtu anayetaja jina la babu. Dada wa Ufilipino alitaja tufani tatu. Jemima alisema: « Kwetu ni mvua na mteremko. » Wakangoja aendelee. Hakuwa na namba ya kuongeza.

Wiki chache baadaye profesa aliwaonyesha ukutani ramani ya dunia, na kila mahali ambapo mlima umewahi kuporomoka pamewekwa alama nyekundu. Nepal ilikuwa kama imemwagiwa pilipili. Jemima alitafuta kwao. Kati ya ziwa na msitu hapakuwa na alama hata moja. Butembo yote, Lubero yote, safi.

Akainua mkono. « Hapa milima huanguka kila mwaka. Jirani zetu walikufa. »

« Nani aliripoti? » profesa akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. « Ramani hii inajua tu kile kilichoandikwa. »

Swali hilo ndilo lililochagua mémoire yake, tasnifu ya kumalizia masomo. Profesa alimshauri achukue takwimu za Italia, ambazo zilikuwa tayari na safi. Angemaliza kwa wakati bila kutoka kwenye kiti. Kuhusu Butembo alimwambia wazi kwamba hakuna takwimu.

« Basi nitakwenda kuzipima, » Jemima alijibu.

Mwezi wa tisa wa mwaka wa pili alishuka Entebbe akiwa na begi moja la nguo na jingine la vyombo, akapita mpakani Kasindi, akalala Beni kwa rafiki, akafika Butembo kesho yake saa sita mchana. Alikuwa na miezi mitatu ya kupima.

Mtu wa Butembo haoni ajabu juu ya mteremko. Amejenga juu yake, analima juu yake, anazika juu yake. Jemima alizunguka kartie tisa, mtaa kwa mtaa, kwa miguu kabla ya kuchagua Kyavirere. Pale kulikuwa na nyumba kumi na moja mgongoni mwa mlima, nyingi za miti na udongo, mbili za matofali. Chini kabisa, mguuni mwa mlima, palikuwa na kiwanda cha matofali cha Lusenge, mdogo wake mzee Syauswa. Jemima alikuwa akimwita baba mdogo tangu alipojua kusema.

Nyumba ya juu kuliko zote ilikuwa ya mjane mmoja, mama Kavugho, muuza makaa. Alimpokea Jemima jikoni, akamwonyesha ufa uliokata sakafu kutoka mlangoni mpaka kwenye mafiga, ukatoka nje, ukaendelea kati ya migomba.

« Kila mvua nafunga na udongo, » mama Kavugho alisema. « Kila mvua inafunguka. Mi nasema labda ni nyumba inazeeka sawa mimi. »

« Tangu lini, mama? »

« Tangu bwana yangu alikufa. Mwaka ine. »

Jemima akapigilia vyuma viwili, kimoja kila upande wa ufa, nje ya jiko. Akaeleza kwamba mlima ukitembea, vyuma vitaachana, na umbali kati yake utasema umetembea kiasi gani. Akatoa mita yake. Mama Kavugho akaingia chumbani, akarudi na mita ya kitambaa, ya njano, imechakaa ncha. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa nguo. Miaka ishirini mama huyu alikuwa akimshikia wateja mikono wakipimwa mabega.

« Kusoma barua nachelewa, » akasema, « mais santimita najua. Niachie. »

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, mama Kavugho alipima vyuma na kusoma chombo cha mvua ambacho Jemima alikisimamisha uwanjani. Namba alizitaja kwa sauti, na Jemima akaziandika.

Jambo la mguuni mwa mlima lilikuwa gumu zaidi. Lusenge alikuwa akichimba udongo wa matofali kwa kuukata mlima wima, kama mtu anayekata mkate. Ukuta wa udongo nyuma ya tanuru ulikuwa umefika mita saba. Jemima alishuka pale siku ya Alhamisi, wafanyakazi sita wakiwa wanakanyaga udongo, akaanza kusema akiwa bado amesimama.

« Baba mudogo, hapa uko unakata muguu ya mulima. Mulima yote inasimama juu ya hii fasi. Inafaa uache. »

Lusenge hakuacha kazi. « Udongo ya juu haishike moto. Muzuri iko hapa. »

« Ukiendelea, zile nyumba zitashuka. »

Wafanyakazi wakasimama kusikiliza. Mmoja, kijana mrefu aitwaye Gracien, akaegemea koleo lake na kutazama juu. Lusenge akaosha mikono polepole katika ndoo.

« Jemima, na hii shimo nalisomesha batoto yangu bote. Mabati ya kwa baba yako ilitoka hapa. Wewe unakuya na bintu ya Bazungu, hata kukaa chini hapana, hata salamu ya muke yangu hapana, unanifundisha kazi mbele ya batu yangu? »

Jemima alijua palepale kwamba amekosea njia. Jambo kama lile mtu huenda kulisema nyumbani kwa mzee, jioni, akiwa na mama yake, baada ya kula. Alijua, lakini alikuwa na hasira na haraka, na vyuma vilikuwa vimeachana milimita sita kwa siku kumi. Akajibu neno moja zaidi ambalo hakupaswa kujibu: « Mulima haingojee salamu. » Lusenge akamwonyesha njia kwa kidevu. Hawakusemezana tena.

Katikati ya mwezi wa kumi mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Vyuma vilitoka santimita kumi na moja kufika kumi na tano. Jemima alifanya hesabu yake mara mbili, akaituma Ujerumani, kisha akakimbia kwa chef wa kartie, bwana Vagheni, mtu mpole mwenye koti la mvua la kijeshi.

« Itaanguka? » Vagheni akauliza.

« Ndiyo. »

« Siku gani? Mi siwezi kutosha batu mu nyumba zao bila siku. »

Jemima alisita. Vitabuni hakuna siku. Lakini mvua ilikuwa inapiga, na mbele yake alikuwa mtu aliye tayari kusaidia akipewa neno la kushika. Akampa.

« Hii wiki. »

Familia kumi na moja zilitoka mchana ule ule na magodoro vichwani. Wengine wakaenda kwa ndugu, wengi wakalala kwenye ukumbi wa watoto wa kanisa la Wabatisti. Siku ya pili mvua ikakatika. Siku ya tatu jua likawaka. Siku ya nne watu walikwenda kutazama, wakakuta mlima uko pale pale, ila mlango wa nyumba moja umeng'olewa na kubebwa, na makaa yote ya mama Kavugho, magunia tisa, yameibwa. Siku ya sita kila mtu alirudi kwake. Watoto wa kartie walimpa Jemima jina: Madame Hii Wiki.

Vagheni alimwita. Hakupaza sauti.

« Madame, mi nalisema hii wiki juu ulisema hii wiki. Sasa hata nikisema moto unawaka, nani atanisikia? »

Jemima alikaa siku mbili nyumbani kwa wazazi wake bila kutoka. Mama yake alikuwa akileta viazi kutoka Musienene. Alimwekea beseni la viazi vya kumenya, wakamenya pamoja. Siku ya tatu Jemima alikwenda kwa mchungaji kuomba dakika tano za Jumapili, wakati wa matangazo.

Alisimama mbele bila karatasi.

« Nalikosa, » akasema. « Naliwaambia siku, na siku sikujua. Mulibebwa bintu yenu juu yangu. Munisamehe. »

Mtu mmoja akasema kutoka nyuma: « Donc, hujue. »

« Siku, sijue. Kipimo, najua. Mulima ule unatembea. Toka nifike, umetembea santimita tano. Haitarudi nyuma. Itaanguka mwaka huu ao mwaka kesho, na mi siwezi kuwaambia ni Jumatatu. Mais kabla ianguke itakimbia. Tuko na vyuma. Kama kutoka asubuhi mpaka asubuhi ingine vinaachana kupita kidole moja, siku ile ile mutoke, hata kama jua inawaka. Kama haipite, mulale kwenu. Haiombe enjenieri. Mama Kavugho anajua kupima. »

Walimsikiliza bila kuitika. Wakati wa kutoka wanawake watatu wa Kyavirere walimshika mkono. Lusenge alikuwa ameketi benchi la tatu. Alitoka kabla ya baraka.

Wiki zilizobaki Jemima alifanya kazi kimya. Alipima mteremko wote kwa hatua, akachukua udongo katika mifuko, akachora. Aliwafundisha wakubwa wa zile nyumba kumi na moja kusoma vyuma, nyumba kwa nyumba. Kiwandani hakushuka. Mara mbili alifika njia ya kuingilia kwa baba mdogo, akasikia sauti yake akiwaelekeza wafanyakazi, akageuka. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili aliondoka bila kumuaga.

Mama Kavugho alishika ahadi. Kila Jumapili baada ya ibada alituma sauti kwenye WhatsApp, namba za wiki nzima mfululizo, na habari nyingine katikati: « Jumatatu, kumi na sita. Jumanne, kumi na sita. Kuku ya jirani inakula maharage yangu. Jumatano, kumi na sita na nusu. » Jemima alizisikiliza kwenye tramu akienda chuoni, akaziandika kwenye jedwali. Wiki nyingine mtandao ulipotea, na namba za wiki tatu zikaja kwa siku moja. Profesa alipoona jedwali hilo alitaka kujua ni chombo gani kinachopima kwa uthabiti namna hii.

« Mita ya fundi nguo, » Jemima alisema. Profesa akaomba aandike hivyo hivyo.

Mwezi wa nne, siku ya Jumatano, sauti ilikuja saa moja asubuhi. Jemima alikuwa maabarani, simu iko ndani ya begi. Aliisikia saa nne.

« Mutoto wangu, jana ilikuwa makumi mbili na moja. Leo makumi mbili na tatu na nusu. Napima mara mbili. Inapita kidole. Tunatoka. »

Akapiga simu akiwa amesimama kwenye korido. Iliita muda mrefu.

« Tuko inje tayari, » mama Kavugho alisema, anahema. « Bote. Wa nyumba ya matofali walikataa, Vagheni akaenda kuwatosha yeye mwenyewe. Haina mvua leo, Jemima. Jua kali. Batu banatucheka. »

« Muwaache bacheke, mama. Musirudi. »

Mlima ulishuka saa nane na dakika kumi mchana. Waliokuwa ng'ambo ya bonde walisema haukufanya kelele kubwa; migomba ilianza kutembea ikiwa imesimama, kama watu wanaoshuka sokoni, halafu vumbi. Nyumba saba zilikwenda. Katika nyumba hizo saba hapakuwa na mtu.

Chini, kiwandani, tanuru lilikuwa linawaka tangu jana yake. Lusenge alikuwa amekwenda upande wa Musienene kutafuta kuni. Wafanyakazi waliona watu wa juu wakishuka na magodoro asubuhi, wakadhani ni yale ya mwezi wa kumi, wakaendelea. Udongo ulipoanza kumiminika watano walikimbia upande wa mto. Gracien alikuwa nyuma ya tanuru akivuta shitingi, turubai la plastiki, juu ya matofali mabichi, mgongo ameupa mlima. Walimpata kesho yake saa tano.

Lusenge alipiga simu Ujerumani mchana huo. Tangu mwezi wa kumi ilikuwa mara ya kwanza.

« Jemima. »

« Baba mudogo. »

« Gracien alikufa. »

Jemima akakaa chini pale pale.

« Batu ya nyumba bote bako muzima, » Lusenge akaendelea. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma orodha. « Balijua. Balipima. Sisi, hakuna mutu alituambia. »

« Ni mi sikuwaambia, baba mudogo. Nilifundisha nyumba zote. Kwako sikushuka. »



« Tulikuwa na kasirani, » Lusenge alisema. « Sisi wawili. Na mi mwenyewe njo nalikata ile mulima. Nalisikia siku ile. Nalisikia muzuri kabisa. »

Mwezi wa tisa Jemima alitetea mémoire yake mbele ya watu watatu. Alionyesha namba za miezi saba, zile za mvua na zile za vyuma, mstari unaolala, unaolala, kisha unaopanda kama ngazi. Walifurahi. Mmoja alisema takwimu za aina hii kutoka eneo lile hajapata kuziona. Kisha mtahini mwanamke akauliza kwa nini jedwali la mwisho linaonyesha mtu mmoja amekufa, ikiwa tahadhari ilifanya kazi.

« Tahadhari ilifika juu, » Jemima alijibu. « Haikufika chini. Mwenye kiwanda kule chini ni baba yangu mdogo. Tulikuwa tumegombana. »

« Na kama ungeanza upya, ungebadilisha nini katika mbinu yako? »

Alifikiri kwanza. « Ningekwenda kumsalimia nyumbani kabla ya kwenda kwenye shimo lake. »

Wawili walitabasamu. Yule mwanamke aliandika. Walimpa alama nzuri. Si ya juu kabisa, kwa sababu, walisema, mteremko mmoja hautoshi kuthibitisha kanuni. Jemima alikubaliana nao.

Alirudi mwezi wa kumi na moja. Siku ya tatu Lusenge alikuja kwa mzee Syauswa, amevaa koti, akakaa mpaka chakula kikaisha. Kisha akamwambia Jemima: « Twende kwa Solange. »

Solange ndiye mjane wa Gracien. Alikuwa amehamia kwa mama yake upande wa pili wa mji, na watoto wawili. Aliwapa viti, yeye akabaki amesimama mlangoni, mkono kwenye mwimo. Lusenge alisema yake, Jemima akasema yake. Hakuficha: alisema kwamba alijua mahali pale ni pa hatari kuliko juu, kwamba aliwafundisha wa juu, kwamba chini hakushuka kwa sababu ya ugomvi. Solange alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alionekana kama mtu anayefanya hesabu.

« Swali moja tu, » akasema. « Siku ile, kama mutu angepiga filimbi kule juu, Gracien angesikia? »

Jemima aliwaza umbali, tanuru, upepo wa mchana. « Angesikia. »

« Angekuwa na wakati? »

Mama Kavugho na wenzake walikuwa wametoka saa moja. Mlima ulishuka saa nane.

« Angekuwa na wakati mwingi, » Jemima alisema.

Solange akatikisa kichwa mara moja. « Wasingya, » akashukuru kwa lugha ya kwao, kama mtu aliyerudishiwa chombo chake, akawafungulia mlango watoke. Hakuwaambia warudi, wala hakuwakataza. Njiani Lusenge alitembea mbele, mikono nyuma, mpaka barabara kubwa.

Sasa Jemima ana mwaka mmoja na nusu katika kazi ya kupima milima, wiki tatu Butembo na wiki moja Beni kila mwezi, katika shirika dogo la watu wanne. Wana milima kumi na minne yenye vyuma. Baadhi ya wapimaji ni walimu, wengine wachungaji, wengi ni wamama. Mama Kavugho amehamia kwa binti yake. Pale hakuna mteremko, na anasema asubuhi hana la kufanya. Lusenge anachoma matofali bondeni, pembeni ya mto, kwa udongo usioshika moto vizuri kama ule. Analalamika, lakini hachimbi mlima. Mara nyingine Jemima humwomba aende naye kwa wenye viwanda, maana wao humsikiliza yeye kwanza.

Mwezi uliopita walikwenda Beni, kwenye kiwanda kilicho chini ya korongo. Lusenge aliwasalimia wote mmoja mmoja, akaulizia watoto, akapewa kiti na chai. Nusu saa ilipita kabla ya kutaja mlima. Kisha akamwonyesha Jemima kwa mkono wazi, na Jemima akaanza kwa kuuliza nani kati yao anafanya kazi nyuma ya tanuru.

Watu wawili wakainua mikono. Akawapa wao filimbi za kwanza, za kujibu ile ya mpimaji wa juu, akaomba wazipige hapo hapo, ajue zinasikika mpaka wapi. Akapanda korongo mpaka juu kabisa, kwenye vyuma, akasimama akasikiliza. Ya kwanza ilisikika vizuri. Ya pili ilikuwa hafifu. Akashuka kuibadilisha.